Chachu ya bia ya nyumbani: kununua mpya, kutunza mashapo, kuchota povu au kukausha?

Bia ikishahamia kwenye chupa, chini ya ndoo hubaki tabaka zito la rangi ya maziwa lala, lenye harufu ya unga uliokandwa. Hiyo ni chachu, na bado ina uhai. Katika ndoo ya lita 20, chachu uliyotia siku ya kwanza imezaliana mara kadhaa, kwa hiyo unachotaka kumwaga mtaroni kinaweza kuanzisha ndoo nyingine tatu au nne. Je, uimwage na kununua pakiti nyingine, au uitunze? Na ukiitunza, kwa njia gani?

Maelekezo mengi yanayosambaa yametoka kwa watu wa nchi za baridi, ambao chumba chao cha kuchachushia hakivuki nyuzi 20. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari na mchana wake ni nyuzi 28 hadi 30. Nakuru iko karibu mita 1,850, na usiku mtu hulala na blanketi mbili. Safari kati ya miji hii ni ya saa chache kwa matatu, lakini ushauri unaomfaa mpishi wa Nakuru unaweza kuharibu bia ya mpishi wa Kisumu. Ndiyo maana silinganishi njia hizi kwa bei peke yake. Naangalia mambo matatu kwanza: joto la nyumba yako, friji yako inategemeka kiasi gani, na siku ngapi hupita kati ya upishi mmoja na unaofuata.

Jambo moja kabla hatujaingia jikoni. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inadai leseni kwa anayetengeneza na anayeuza kileo, na kaunti ndizo zinazotoa leseni hizo. Pita ofisi ya kaunti yako uulize kabla ya kununua hata ndoo.

Kiasi gani kinatosha

Bila kipimo, ulinganisho wote huu ni kubahatisha. Kwa bia ya eli, ile inayochachuka kwenye joto la kawaida la chumba, kanuni iliyozoeleka ni seli 750,000 za chachu kwa kila mililita, kwa kila daraja moja la kipimo cha sukari kiitwacho Plato. Ndoo ya lita 20 inayosoma 1.048 kwenye haidromita, kifaa cha kupimia sukari, ina daraja 12 hivi, kwa hiyo inataka seli bilioni 180. Laga, inayochachuka kwenye baridi ya nyuzi 10 hivi, inataka mara mbili ya hizo.

Mashapo mazito yaliyotulia huwa na seli bilioni moja au zaidi kwa mililita. Si zote ziko hai, na ndani yake mna vipande vya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, na protini za kimea. Ukichukua mililita 150 hadi 200 za mashapo mabichi kwa ndoo ya lita 20, uko sawa. Hicho ni kikombe kimoja cha chai, kisichojaa. Wengi hushangaa kwamba kinachohitajika ni kidogo hivyo, na makosa mengi ya kurudia chachu huanzia kwenye kutia kupita kiasi.

Pakiti mpya kila mara

Pakiti ya kawaida ya chachu kavu ya bia ina gramu 11 na inatosha ndoo ya lita 20. Ni safi, nguvu yake inajulikana, na ikikaa kwenye friji huweza kudumu hata miaka miwili. Pia hustahimili safari. Mzigo ukitoka Nairobi kwa basi la usiku na kulala siku nzima kwenye ofisi ya mizigo Kisumu, chachu kavu itafika ikiwa na nguvu. Chachu ya maji haitavumilia hivyo, na mimi singemshauri mtu wa ukanda wa ziwa kuiagiza isipokuwa ana njia ya kuisafirisha ndani ya barafu.

Udhaifu wa pakiti ni kwamba hutegemei mkono wako mwenyewe. Siku ambayo kimea kimeiva na mzigo haujafika, huna la kufanya. Na kwa anayepika kila wiki mbili, gharama hujilimbikiza. Lakini kwa anayepika mara moja kwa miezi miwili, au anayebadilisha mtindo wa bia kila mara, sioni sababu ya kuhangaika na chupa za mashapo. Anunue. Hata sisi tunaorudia chachu tunapaswa kuwa na pakiti moja ya akiba kwenye friji wakati wote, kwa ajili ya siku ambayo mashapo yatanuka vibaya.

Wapo wanaouliza kuhusu hamira ya duka, ile ya maandazi na mkate. Ni kiumbe wa jamii ile ile, Saccharomyces cerevisiae, na itatoa kileo. Lakini haikuchaguliwa kwa ajili ya ladha ya bia wala kwa kutulia vizuri chini ya ndoo, na viwanda vya hamira havina haja ya kuondoa kila bakteria kwa sababu mkate utaingia kwenye oveni. Kwa bia moja ya majaribio itafaa. Kwa kurudia ndoo baada ya ndoo ni chaguo baya kuliko yote ninayoyaeleza hapa, maana bakteria wachache wa mwanzo watazaliana pamoja nayo.

Kumwaga juu ya mashapo yaliyobaki

Hii ndiyo njia ya haraka. Unahamisha bia iliyoiva, ndoo inabaki na mashapo yake, na jioni hiyo hiyo unamwagia juu maji matamu ya kimea yaliyopoa. Hakuna chupa, hakuna friji, hakuna kungoja. Baada ya saa chache povu linapanda.

Tatizo ni wingi. Chini ya ndoo kuna chachu mara tatu au nne ya inayohitajika. Chachu ikiwa nyingi hivyo haizaliani vya kutosha, seli kuukuu hubaki kuwa ndizo nyingi, na bia hukosa ile harufu ya matunda inayotokana na chachu inayokua. Tena uchachukaji wenyewe hutoa joto. Nakuru, nyuzi tatu au nne zikiongezeka juu ya chumba cha nyuzi 18 si balaa. Kisumu, chumba kikiwa tayari na nyuzi 27, ndoo inaweza kuvuka 30, na chachu ya kawaida ya eli kwenye joto hilo hutoa ladha ya ndizi iliyoiva kupita kiasi na vileo vizito vinavyouma koo na kichwa. Ongeza uchafu wa zamani ulioganda kwenye kuta za ndoo, na una sababu ya kutosha ya kutoipenda njia hii.

Lakini ina ndugu yake ambayo naipenda sana. Siku ya kupakia chupa, iwe pia siku ya kupika. Acha bia kidogo juu ya mashapo, zungusha ndoo mpaka yawe uji mwepesi, mimina kikombe kimoja kwenye chombo kilichochemshwa, kifunike. Osha ndoo vizuri, itakase, tia maji mapya ya kimea, kisha rudisha kikombe chako. Chachu imekaa nje kwa saa chache tu, kiasi ni sahihi, na ndoo ni safi. Kwa mtu asiye na friji, au anayeishi mtaa ambao stima hupotea mara kwa mara, sijui njia ya kuishinda hii.

Mashapo ndani ya friji

Wengi wetu hatuwezi kupika na kupakia siku moja. Hapo ndipo chupa ya friji inapoingia, na kwa Nakuru, Eldoret au Kericho ndiyo njia ningeanza nayo.

Chukua chupa ya jemu au ya asali, ichemshe pamoja na kifuniko chake. Mimina humo mashapo yakiwa na bia yake juu. Usiyaweke makavu. Bia ile ina kileo kidogo na asidi, na hivyo viwili vinazuia bakteria wengi kuota. Weka kwenye sehemu ya ndani kabisa ya friji, karibu na nyuzi 4. Mlangoni hapafai, kwani joto hubadilika kila mtu anapochukua maziwa. Usiweke kwenye friza pia. Barafu hupasua seli, na bila gliserini nyingi utatoa chupa ya chachu iliyokufa.

Kifuniko usikikaze. Chachu ndani ya friji huendelea kutoa gesi polepole, na stima ikikatika usiku mzima huamka na kuitoa kwa wingi. Chupa ya glasi iliyokazwa inaweza kulipuka na kumkata mtu uso. Kwa sababu hiyo, wale wenye watoto nyumbani nawashauri watumie chupa ya plastiki ya soda: ukiibonyeza unajua kama gesi imejaa, na ukifungua kidogo inapumua. Bandika karatasi yenye tarehe, aina ya chachu na bia iliyotoka. Na waambie watu wa nyumbani ni nini, kwa sababu rangi yake ni kama ya uji uliochacha na kuna mtu ataionja.

Ndani ya wiki mbili, chachu hii iko tayari kwa kazi bila maandalizi. Baada ya hapo seli hufa haraka, na kufikia mwezi mmoja unaweza kuwa umepoteza robo hadi nusu yake. Si kwamba imeharibika, ila inahitaji kuamshwa: lita moja ya maji mepesi ya kimea, yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko kadhaa vya mashapo, kisha uitikise kila unapopita. Ikitoa povu ndani ya saa 24 na kunuka vizuri, ina nguvu. Ikilala tu, fungua pakiti ya akiba.

Maji hayo ya kimea pika siku unayoyahitaji. Kuna watu huyatengeneza mengi, huyachemsha, na kuyaweka kabatini ndani ya chupa zilizofungwa ili yawe tayari. Jambo hilo ni la hatari. Maji ya kimea hayana kileo wala asidi ya kutosha, na mbegu za bakteria wa botulizimu, wanaotoa sumu ya kuua, hazifi kwa kuchemshwa. Huku kwetu maji huchemka chini ya nyuzi 100: karibu 96 Kisumu na karibu 94 Nakuru. Kinachoziua ni sufuria ya presha, na hata hiyo hupungukiwa kwenye miinuko. Presha ya pauni 15 inayofikisha nyuzi 121 pwani itafika kama 119 Kisumu na 118 Nakuru, kwa hiyo muda unaoelekezwa kwenye vitabu huwa hautoshi. Ukitaka kuyaweka, yaweke kwenye friza, ambako kugandishwa hakuyadhuru.

Je, Kisumu njia hii haifai? Inafaa, kwa masharti mawili. Bia iliyozaa mashapo hayo iwe ilichachuka kwenye baridi ya kutosha: ndoo ndani ya karai la maji, fulana iliyolowa juu yake na feni ikipuliza, hushusha nyuzi kadhaa. Chachu iliyochoshwa na joto hubeba uchovu huo hadi kwenye ndoo inayofuata. Pili, chota mashapo siku ile ile ya kupakia. Yakiachwa ndani ya ndoo tupu kwenye joto la Kisumu kwa siku kadhaa, seli hujimeng'enya zenyewe, na utasikia harufu ya nyama au ya supu ya pakiti. Mashapo ya harufu hiyo mwaga.

Kuosha chachu: kazi nyingi, faida ndogo

Hapa wapo watakaonipinga. Maelekezo ya zamani husema: tia maji yaliyochemshwa na kupoa kwenye mashapo, tikisa, acha dakika 20, uchafu mzito utazama, chachu itabaki ikielea, mimina hiyo kwenye chupa nyingine, rudia. Matokeo ni mazuri kwa macho. Utapata chupa yenye tabaka jeupe safi.

Lakini umefanya nini? Umeondoa bia iliyokuwa ikiilinda chachu kwa kileo na asidi yake, ukaweka maji matupu. Umefungua vyombo mara tatu au nne, na kila ukifungua, vumbi la jikoni linaingia. Ule uchafu uliouondoa, hopsi na protini kidogo, haudhuru bia inayofuata. Bakteria, kama walikuwapo, hawaondoki kwa maji. Viwanda huwaua kwa asidi ya fosforasi, kiwango cha pH, yaani kipimo cha asidi, kikishushwa hadi 2 na kidogo kwa muda wa saa mbili hivi kwenye baridi. Hilo ni kazi ya mtu mwenye mita ya pH, na hata hiyo haiui chachu mwitu. Nyumbani, acha mashapo yalale chini ya bia yake.

Pahali pekee ambapo ningeosha ni pale unapotoka kwenye bia nyeusi au yenye hopsi nyingi kwenda kwenye bia nyeupe, na huna chachu nyingine. Na hata hapo ningetafuta pakiti kwanza.

Kuchota povu

Kabla ya friji kuwapo, wapika eli wa Uingereza hawakusubiri mashapo. Walichota povu. Chachu ya jadi ya eli hupanda juu siku ya pili na ya tatu, ikiwa katika kilele cha nguvu zake, na ile iliyo juu ndiyo changa na safi zaidi kuliko yoyote utakayoipata chini ya ndoo.

Fungua kifuniko siku ya pili. Povu la kwanza huwa na madoa ya kahawia, yenye uchungu wa hopsi. Liengue kwa upawa uliochemshwa na ulitupe. Saa kadhaa baadaye hupanda povu jeupe, zito, linaloshika upawa. Hilo ndilo. Chota kikombe kimoja au viwili, tia kwenye chombo safi chenye maji kidogo yaliyochemshwa na kupozwa, na ulitumie siku hiyo au kesho yake. Ndoo inaendelea na kazi yake kana kwamba hukuigusa.

Ukilinganisha na chupa ya friji, povu linashinda kwa afya ya chachu na linashindwa kwa ratiba. Linakulazimu upike siku ya pili au ya tatu baada ya upishi uliopita, wala si pale unapopata nafasi. Linahitaji ndoo yenye mdomo mpana. Na si kila chachu hupanda. Nyingi za pakiti zimechaguliwa ili zitulie upesi chini, na laga haipandi kabisa. Kwa wapishi wawili au watatu wa mtaa mmoja, hata hivyo, ni njia nzuri mno: mmoja akipika Jumamosi, mwenzake anakuja Jumatatu na kikombe. Hapa Kisumu, mtaa wa Milimani kwa ule wa Kondele ni karibu, na chachu haitachoka njiani.

Kukausha, na chachu ya Norwe inayopenda joto

Kama ningekuwa na nafasi ya kumwambia mpishi wa Kisumu jambo moja tu, lingekuwa hili. Magharibi mwa Norwe, mashambani, watu wametunza chachu ya familia kwa vizazi vingi. Wanaiita kveik. Waliichovya kwenye pete za mbao au vitambaa, wakaianika ikauka, wakaitundika mpaka upishi mwingine, hata miezi mingi baadaye. Na chachu hiyo hufanya kazi kwenye joto ambalo lingeharibu eli ya kawaida. Ile iitwayo Voss hufurahia nyuzi 35 hadi 40, na hutoa harufu ya ganda la chungwa bila kuuma koo. Chumba cha Kisumu, kwake, ni cha baridi kidogo. Siku hizi inauzwa hata kwenye pakiti kavu, kwa hiyo unaweza kuagiza moja na kuizalisha mwenyewe.

Kuikausha si kazi ngumu. Bia ikimaliza, mimina bia yote uondoe, kusanya mashapo mazito, yapake kwa wembamba kabisa kwenye karatasi ya kuokea juu ya trei, funika na kitambaa chepesi cha kuzuia inzi, weka mbele ya feni. Usianike juani, mwanga wa jua huua seli. Ndani ya siku moja au mbili hukauka na kuvunjika kama magamba. Yaweke kwenye mfuko uliofungwa, kisha kwenye friji au friza, kwa kuwa yakiwa makavu hivyo barafu haiyadhuru sana. Kijiko cha chai cha magamba hutosha ndoo ya lita 20, maana kveik hupendelea kutiwa kidogo.

Tahadhari ni mbili. Msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi na mashapo yanaweza kupata ukungu kabla hayajakauka. Yakichukua zaidi ya siku mbili, yatupe. Na usijaribu hili kwa chachu nyingine ukitarajia matokeo yale yale. Kveik hujilimbikizia sukari iitwayo trehalosi inayolinda seli zinapokauka. Eli ya kawaida ikikaushwa nyumbani hupoteza sehemu kubwa ya uhai wake. Viwanda huweza kwa sababu vina mitambo na viungo vya kuilinda.

Nakuru kveik itachachuka pia, ila usiku wa nyuzi 11 utaichelewesha na kuinyima harufu yake. Mtu wa Nakuru atalazimika kuivisha ndoo blanketi au kuiweka karibu na jiko. Kwake, sioni faida.

Na busaa je?

Akina mama wanaopika busaa Vihiga, Kakamega na Bungoma wamepika kizazi baada ya kizazi bila pakiti wala chupa ya friji. Ukiuliza, "Mama, chachu unaitunza wapi?" utajibiwa, "Iko kwenye kimea, mwanangu." Ndivyo ilivyo. Unga wa mahindi huloweshwa ukachacha, ukakaangwa kwenye bati, kisha ukachanganywa na maji na kimea cha wimbi. Kimea hicho hakichemshwi, kwa hiyo kinakuja na chachu yake pamoja na bakteria wa asidi ya laktiki, na hao ndio wanaoipa busaa uchachu wake. Kila upishi unaanza upya, na kimea kizuri ndiyo siri.

Kwa hiyo usijaribu kuhamisha mashapo ya busaa kwenye bia ya shayiri na hopsi. Si kwamba ni machafu. Yamejaa jamii nzima ya viumbe iliyokusudiwa kuchachua, na bia yako itakuwa na ladha ya uchachu ndani ya wiki moja. Na ukumbuke kwamba vumbi la nafaka yoyote, hata shayiri njema ya Mau Narok au Molo, lina bakteria hao hao. Anayesaga kimea chake mwenyewe asage nje, na asifungue chupa ya chachu mpaka vumbi litulie.

Vizazi vingapi

Mwaka 1883, kwenye maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, Emil Christian Hansen alifaulu kutenga seli moja ya chachu na kuizalisha peke yake, baada ya kuona kwamba bia iliyougua ilikuwa na chachu mwitu iliyojichanganya na ile njema. Viwanda vya leo hurudia chachu mara nyingi, lakini vina hadubini na watu wa kuichunguza. Sisi tuna pua na ulimi. Kwa hiyo naweka mpaka: vizazi vitatu Kisumu, vitano Nakuru, kisha pakiti mpya. Kveik inaweza kwenda mbele zaidi kama harufu haijabadilika.

Mfuatano wa bia nao una maana. Anza na bia nyepesi ya rangi nyeupe, asilimia 4 hivi ya kileo, isiyo na hopsi nyingi. Mashapo yake yaende kwenye bia ya kahawia, kisha mwisho kwenye ile nyeusi au nzito. Chachu iliyotoka kwenye bia ya zaidi ya asilimia 6 au 7 imechoka, usiirudishe. Na bia ikikupa shaka, ikiwa na uchachu usioutarajia, utando juu, au povu linalofurika chupani wiki kadhaa baada ya kupakia, mashapo yake yasipate nafasi ya pili hata kama yanaonekana mazuri.

Vyombo vyote vya kazi hii vitakaswe kwa maji ya moto au kwa Jik kidogo ndani ya maji, kisha visuuzwe kwa maji yaliyochemshwa. Jik usiichanganye na siki wala asidi yoyote, hutoa gesi ya sumu.

Ningechagua nini

Ningekuwa naishi Nyalenda, Kisumu, bila friji, ningepanga upishi na upakiaji siku moja na kurudisha kikombe kimoja kwenye ndoo iliyooshwa, nikitumia kveik ili joto lisinisumbue. Nikiwa na friji Kisumu, ningetumia kveik ile ile na kuweka magamba makavu kama akiba. Nikiwa Nakuru, mtaa wa Section 58 au Milimani ya huko, ningetunza mashapo ya eli ya kawaida kwenye chupa ya soda ndani ya friji na kuyatumia kabla ya wiki mbili kuisha. Kakamega, mita 1,535, iko katikati, na mpishi wa huko anaweza kufuata njia ya Nakuru miezi ya Juni na Julai, halafu ya Kisumu Januari na Februari. Na anayepika mara tatu au nne kwa mwaka, popote alipo, anunue pakiti.

Mashapo yanayobaki, ambayo daima yatakuwa mengi kuliko unavyohitaji, ni chakula chenye protini kwa kuku na nguruwe, lakini yachemshe kwanza. Chachu hai tumboni mwa mnyama huendelea kutoa gesi na kumvimbisha. Na kama yana hopsi, yaweke mbali na mbwa, maana kwao hopsi ni sumu. Yafukie kwenye shimo la mbolea, chini ya majani, mahali ambapo hawawezi kufukua.